Ar-Razi: Tabibu aliyeitaka dawa itoe ushahidi

Katika miji yetu leo, ukifungua redio au ukitazama mabango ya njiani, hukosi tangazo la dawa inayotibu kila kitu: kisukari, kiharusi, kifafa, ganzi ya miguu na hata majini, yote kwa chupa moja. Baadhi ya matangazo hayo hupambwa kwa jina la Uislamu, na Muislamu mwenye mgonjwa nyumbani huona haya kuuliza, kana kwamba kuuliza ni upungufu wa imani. Ni vyema basi tukumbushane habari za mmoja wa matabibu wakubwa kabisa waliopata kutokea katika Ulimwengu wa Kiislamu, mtu ambaye umri wake wa kazi aliumaliza kwa kuuliza.

Huyu ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariyya Ar-Razi. Alizaliwa mwaka 251 Hijria, sawa na 865 Miladia, katika mji wa Rayy, ambao magofu yake yako kando ya Tehran, Iran. Wazungu walimwita Rhazes. Inaelezwa kuwa ujanani alipenda kupiga udi, akajishughulisha na alkemia, na kwamba alianza kusoma tiba akiwa mtu mzima. Hata hivyo alipanda haraka. Alikuwa mkuu wa hospitali ya Rayy, kisha ya Baghdad, makao makuu ya Khilafa ya Bani Abbas.

Kipo kisa mashuhuri kuwa alipotakiwa kuchagua mahali pa kujenga hospitali Baghdad, aliamuru vipande vya nyama vitundikwe sehemu mbalimbali za mji, akachagua pale ambapo nyama ilichelewa kuoza. Kisa ni kizuri na tumezoea kukihadithia. Lakini Ibn Abi Usaybi'a, aliyeandika historia ya matabibu katika karne ya 13, alikinukuu kisha akakitilia shaka, kwa kuwa hospitali inayotajwa ni ile ya Adud ad-Dawla, iliyofunguliwa mwaka 981, wakati Ar-Razi alikwishafariki mwaka 925. Hata masimulizi ya kumsifu yalipimwa na wanachuoni wetu, wala hawakuona kuwa kufanya hivyo ni kumvunjia heshima.

Katika kitabu chake kiitwacho al-Mansuri, alichomtungia gavana wa Rayy, alieleza habari za mishipa ya fahamu. Alifafanua kuwa mishipa hiyo ndiyo inayopeleka hisia na mwendo, akataja jozi 7 zitokazo kwenye ubongo na jozi 31 zitokazo kwenye uti wa mgongo. Hesabu ya 31 ndiyo inayofundishwa vyuoni mpaka leo, ingawa zile za ubongo sasa zinahesabiwa 12. Elimu hii kwa sehemu kubwa aliirithi kutoka kwa Jalinus, tabibu wa Kiyunani. Faida yake ni kubwa. Tabibu mwenye kuijua njia ya mshipa anafahamu kuwa ganzi ya vidole inaweza kuwa imeanzia shingoni, hivyo hahangaiki kupaka dawa kidoleni.

Jambo lililompa nafasi ya pekee, hata hivyo, liko katika habari za sirsam, ugonjwa ambao matabibu wa zama zile waliueleza kuwa ni uvimbe wa utando wa ubongo. Ar-Razi alitaja dalili zinazoutangulia: kichwa na shingo kuuma na kuwa vizito kwa siku kadhaa, kuukimbia mwanga, kukosa usingizi na kuchoka mno. Dalili hizo zinafanana sana na zile tunazozijua leo za homa ya uti wa mgongo. Tiba iliyosifiwa wakati ule ilikuwa ni kumpasua mgonjwa mshipa na kumtoa damu.

Je, Ar-Razi alifanya nini? Kundi moja la wagonjwa alilitoa damu. Kundi jingine aliliacha kwa makusudi bila kulitoa, ili apate kujua ukweli. Akaandika kuwa waliotolewa damu walisalimika, na walioachwa wote walishikwa na sirsam. Hii ni miongoni mwa habari za kale zaidi zinazojulikana za tabibu kulinganisha makundi mawili ya wagonjwa ili kuipima tiba.

Hapa inatupasa tuwe wakweli. Jibu alilolipata halikuwa sahihi. Leo inajulikana kuwa kutoa damu hakutibu ugonjwa huo. Hatujaelezwa makundi yake yalikuwa na watu wangapi, wala kwa nini huyu aliwekwa kundi hili na yule lile, na huenda walioachwa walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Katika miaka ya 1830, mjini Paris, Pierre Louis aliwahesabu wagonjwa wa kichomi kwa makini akaona kutoa damu hakuna faida iliyokuwa ikidhaniwa. Mwaka 1948 Waingereza walitangaza matokeo ya jaribio la dawa ya kifua kikuu ambamo wagonjwa waligawanywa kwa mfano wa kura, ili pasiwe na upendeleo. Njia ile ile ya kulinganisha, ilipokamilishwa, ndiyo iliyoonesha kosa la Ar-Razi. Naye, kwa tabia yake, angekubali.

Tunalisema hilo kwa sababu yeye mwenyewe alimfanyia hivyo mwalimu wake. Aliandika kitabu kizima cha mashaka juu ya Jalinus, mtu aliyeheshimiwa na matabibu wote. Alikiri kuwa amefaidika naye kuliko mtu yeyote na kuwa inamuuma kumpinga, lakini aliyoyaona kwa wagonjwa wake hospitalini hayakulingana na yaliyoandikwa. Kwa utazamaji huo huo aliitenganisha ndui na surua katika risala iliyosomwa Ulaya kwa karne nyingi, na iliyotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1848.

Hakuwasahau wanyonge. Alitunga kitabu cha tiba kwa ajili ya asiyeweza kumpata tabibu, kwa dawa za kawaida za nyumbani. Uzeeni alipofuka. Husimuliwa kuwa alipoletewa mpasuaji wa macho alimuuliza jicho lina tabaka ngapi, na yule aliposhindwa kujibu, Ar-Razi akakataa kupasuliwa. Alifariki Rayy mwaka 313 Hijria. Maandishi aliyoyaacha yalikusanywa yakawa al-Hawi, kitabu kilichofasiriwa kwa Kilatini mwaka 1279 na kuchapwa kwa Kiarabu huko Hyderabad, India, katika juzuu zaidi ya 20.

Wapo wanachuoni waliompinga vikali katika falsafa, hasa kwa kauli zinazonasibishwa kwake kuhusu utume, na sisi hatumtetei katika hilo. Lakini katika tiba umma uliichukua elimu yake, kwa kuwa hekima humfaa Muislamu popote aipatapo.

Ndugu msomaji, mafunzo haya yanatuhusu majumbani mwetu. Mtoto mwenye homa kali na shingo iliyokakamaa anaweza kupoteza maisha ndani ya siku moja, na dawa ya kuua bakteria ikiwahi humuokoa. Mwenye kifafa hufungiwa chumbani kwa miaka, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema watu 7 kati ya 10 wenye ugonjwa huo wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Hatukanushi kuwepo kwa majini, wala hatuzuii ruqya ya kisheria. Msomeeni mgonjwa mkiwa njiani kumpeleka hospitali, wala kisomo kisiwe sababu ya kuchelewa.

Na anayetuuzia dawa, awe na kanzu au koti jeupe, tumuulize: umewatibu wangapi, waliopona ni wangapi, na wasioitumia walikuwaje? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Basi ni juu yetu kuitafuta dawa hiyo kwa elimu. Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu. Amin.