Mwalimu aliyemtuma mwizi akalete fedha

Mtoto akitoroka nyumbani, jambo la kwanza ni kumtafuta. Jambo la pili, ambalo ni gumu zaidi, ni kujua atafanyiwa nini akisha kupatikana. Wazazi wengi huishia kwenye bakora, na bakora isipofaa hubaki kushika tama. Katika watu waliojishughulisha maisha yao yote na jambo hili la pili, hapana shaka Anton Makarenko ni miongoni mwa wanaojulikana sana duniani. Msemo wetu husema samaki hukunjwa angali mbichi. Yeye aliletewa samaki waliokwisha kukauka.

Makarenko alizaliwa mwezi wa Machi mwaka wa 1888 katika mji mdogo wa Belopolye, Ukraine, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya mfalme wa Urusi. Babake alikuwa mpaka rangi katika karakana ya reli. Mtoto mwenyewe alikuwa dhaifu wa mwili na macho yake hayakuona mbali, lakini alipenda mno vitabu. Mwaka wa 1905, akiwa na umri wa miaka 17 tu, alianza kusomesha katika shule ya watoto wa wafanyakazi wa reli. Baadaye alikwenda chuo cha walimu cha Poltava, akahitimu mwaka wa 1917 na kutunukiwa nishani ya dhahabu.

Mwaka huo ndio mfalme alipopinduliwa. Ikafuata vita ya wenyewe kwa wenyewe, kisha njaa kubwa ya mwaka wa 1921. Watoto waliokosa wazazi na makao wakahesabiwa kwa mamilioni. Walilala katika vituo vya gari la moshi na hata ndani ya mapipa ya kuchemshia lami, maana humo hubaki vuguvugu usiku. Waliishi kwa kuomba na kuiba, na waliokuwa wakubwa zaidi walikwisha kushika bunduki na kuvamia wasafiri njiani.

Basi mnamo mwaka wa 1920 serikali ikamwita Makarenko, ikamkabidhi majengo yaliyoporwa karibu na Poltava, ikamwambia afungue makao ya vijana waliovunja sheria. Vijana wa kwanza walikuwa sita. Walikula, wakalala, wakatoka usiku kwenda kuiba, na mwalimu akiwasemesha wakamwangalia kama aangaliwavyo mtu asiye na akili. Hakuna aliyekata kuni wala kufagia theluji.

Hapa pana kisa ambacho Makarenko mwenyewe alikiandika bila kujificha. Siku moja ya baridi alimwambia kijana mmoja aende akakate kuni, na kijana akamjibu kwa ufedhuli. Mwalimu akashikwa na ghadhabu, akampiga. Kisha akafuatana nao msituni, na kila mmoja wao ana shoka mkononi. Kijana yule alikuwa mrefu na mwenye nguvu kumshinda. Siku hiyo kuni zilikatwa, na ukawa ndio mwanzo wa kusikilizana.

Wako watakaosema: Kumbe fimbo ndiyo dawa! Lakini Makarenko hakujisifu. Alikiri kuwa amevunja sheria na amejivunjia heshima yake ya ualimu, wala hakufanya kupiga kuwa ndiyo njia ya kusomesha. Mimi naona kilichowageuza vijana wale si maumivu. Walikuwa wamepigwa na polisi na na majambazi wenzao, wasigeuke. Siku ile waliona mtu mzima aliyekata tamaa kwa ajili yao, kisha akawatia mashoka mikononi na kuwapa mgongo.

Tangu hapo kazi yake ilikuwa hiyo ya kuwapa mgongo. Faili za makosa yao hakutaka kuzisoma, na ilikuwa mwiko kumkumbusha mtu alikotoka. Aliwagawa katika vikosi vidogo, kila kikosi na mkuu wake, na wakuu hao wakawa na baraza lao la kukata mashauri. Kwa kazi za muda mfupi shambani viliundwa vikosi vingine, na uongozi wake ukazunguka, hata aliyetoa amri juma hili akajikuta juma lijalo anapokea amri kwa yule aliyemwamuru. Wale wezi wa jana wakapewa kazi ya kulinda msitu wa serikali usikatwe kwa wizi.

Mmoja wao aliitwa Semyon Kalabalin. Katika kitabu cha Makarenko amebadilishwa jina, akaitwa Karabanov. Kijana huyu alikuwa mwizi hodari, akatoka makaoni kwa ugomvi, kisha akarudi. Makarenko akampa farasi na bastola, akamwambia aende mjini peke yake akalete rubli 500 za makao. Semyon alipigwa na bumbuwazi. Akaenda, akarudi, akaweka fedha mezani na kumtaka mwalimu azihesabu. Makarenko akazitia mtotoni mwa meza bila kuhesabu. Baada ya siku kadhaa akamtuma tena, safari hii rubli 2,000. Kijana alisimulia kwamba njia nzima alitamani watokee wanyang'anyi, apate kupigana nao hadi kufa kwa ajili ya amana ile.

Tuseme kweli, Makarenko alikuwa akicheza kamari. Lau Semyon angetoweka na farasi, makao yangefungwa na mwalimu angeshtakiwa.

Makao hayo yalipewa jina la mwandishi Maxim Gorky, ambaye utoto wake ulikuwa wa yatima na dhiki, na tangu mwaka wa 1925 wakaandikiana naye barua. Mwaka wa 1926 Makarenko alihama na vijana wapatao 120 hadi Kuriazh, karibu na Kharkov, palipokuwa na watoto karibu 280 waliooza kwa uchafu na wizi. Wageni waliingia wamevaa nadhifu, kwa ngoma na bendera. Wenyeji wakanyolewa, wakaogeshwa, na matambara yao yakachomwa moto.

Lakini wakubwa wa elimu hawakupendezwa. Walisema nidhamu yake ni ya kijeshi, na mwaka wa 1928, mwaka ule ule ambao Gorky alikuja kuwatembelea vijana, Makarenko aliondoka. Alikwenda kwenye makao mengine nje ya Kharkov, yaliyojengwa na askari wa usalama kwa kumkumbuka mkuu wao Dzerzhinsky. Huko vijana walisoma nusu ya siku na nusu nyingine wakafanya kazi kiwandani kwa mshahara. Walianza na viti na meza, wakafikia kutengeneza keekee za umeme mwaka wa 1932, na mwaka wa 1934 kamera ziitwazo FED, kwa kufuata mfano wa kamera ya Kijerumani.

Hapo pana doa ambalo haifai kulifunika. Askari waliomfadhili ndio waliokuwa wakiwatia watu gerezani kwa maelfu. Mwaka wa 1935 sheria ya Urusi iliruhusu watoto wa miaka 12 wahukumiwe kama watu wazima kwa makosa kadhaa, na mwaka huo huo Makarenko alihamishiwa Kiev kufanya kazi katika ofisi ya makambi ya vijana ya idara hiyo.

Mwaka wa 1937 alihamia Moscow, akatoa kitabu kwa ajili ya wazazi na kuzungumza nao katika redio. Aliwaambia kuwa mtoto hulelewa na namna mzazi anavyovaa, anavyosema na watu na anavyofurahi au kuhuzunika, hata wakati mzazi hayupo nyumbani. Hakuzaa mtoto. Alimlea mwana wa mkewe, na binti ya nduguye ambaye alikuwa afisa katika jeshi la maadui wa mapinduzi na akakimbilia ng'ambo.

Tarehe 1 Aprili 1939 moyo wake ulisimama ndani ya gari la moshi, katika stesheni ya Golitsyno. Alikuwa na umri wa miaka 51.

Na Semyon? Yule mwizi alikuwa mwalimu wa watoto wa aina ile ile. Katika makao mojawapo aliyosimamia, kijana mwenye ugonjwa wa akili alimchinja mwanawe wa miaka mitatu. Semyon alimzika mwanawe, akarudi kazini. Aliendelea kulea watoto wa wenyewe mpaka alipofariki mwaka wa 1972.