Sidi Mubarak Bombay, muongozaji aliyepita Uvira na Nyangwe

Burton, Speke, Stanley na Cameron tuliwasoma kwenye masomo. Wote wane waliongozwa na Mwafrika mumoja: Sidi Mubarak Bombay.

Alizaliwa karibu mwaka 1820 kwa Wayao. Angali mutoto, alikamatwa, akauzishwa, akapelekwa India. Bwana wake alipokufa, alipata uhuru, akarudi Afrika kuwa askari wa Sultani wa Zanzibar. Kule India alijifunza Kihindustani, na ile luga ndiyo ilimupatia kazi mwaka 1857, juu Speke pia aliijua.

Kuongoza musafara haikuwa kuonyesha njia tu. Bombay alitafuta wapagazi, alitafsiri, alipatana na machifu bei ya hongo, alinunua chakula, na watu wakikimbia, yeye ndiye alienda kuwarudisha.

Mwaka 1858 alifika Uvira kwa mutumbwi pamoja na Burton na Speke. Pale ndipo walijua kwamba Rusizi inaingia ziwani, haitoki. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley, mpaka Ujiji kwa Livingstone.

Heshima haikukuwa ya kila siku: Speke alimupiga ngumi usoni, Stanley naye alimupiga.

Akiwa na Cameron, alivuka Maniema, akafika Nyangwe kando ya Lualaba Agosti 1874, akapita inchi ya Waluba mpaka bahari ya Atlantika, Angola, mwaka 1875. Shirika la jiografia la Uingereza lilimupa medali ya feza na pensheni.

Alikufa mwaka 1885, mwaka ule ule Leopold II alijifanya mwenyeji wa Kongo.