Whitworth, fundi aliyetoroka kiwanda cha pamba na kuinyoosha dunia ya mashine

MIKUMI, Kilosa. Chukua bomba la maji la nusu inchi kwenye duka la vifaa hapa Mikumi, uangalie meno yake. Pembe ya meno hayo ni nyuzi 55, na aliyeiweka ni Mwingereza aliyefariki mwaka 1887, Joseph Whitworth. Kama na wewe unajichomelea mashine yako uani, una deni lake jingine kubwa zaidi.

Alizaliwa Stockport, Desemba 21, 1803. Mama alifariki jamaa akiwa bado mdogo, akapelekwa kiwanda cha pamba cha ndugu yao huko Derbyshire. Pamba haikumvutia, mashine ndizo zilizomvutia. Akatorokea Manchester kuwa fundi, na mwaka 1825 akaingia karakana ya Henry Maudslay, London.

Enzi hizo kupata chuma bapa kweli ilikuwa kazi. Watu walisaga sahani mbili pamoja mpaka zilaliane. Shida ni kwamba sahani mbili zinaweza kulaliana vizuri kabisa kumbe moja imebonyea na nyingine imevimba! Dawa ni sahani ya tatu. Unapaka rangi nyembamba, unalinganisha zote kwa zamu, palipogusana unapakwangua kidogo kidogo kwa mkono. Zote tatu zikikubaliana, hakuna ujanja, ziko bapa. Wapo wanaosema Maudslay aliijua njia hii mapema, na huenda ni kweli, ila Whitworth ndiye aliyeieleza mbele ya wanasayansi Glasgow mwaka 1840, na kusisitiza kukwangua badala ya kusaga.

Leo vijana wanakwepa jasho hilo kwa epoksi. Fremu ya skwea paipu ikichomelewa hupinda kwa joto, kwa hiyo unajenga ukingo juu ya mihimili miwili, unaiunganisha kwa mfereji, kisha unamimina epoksi nyepesi inayokauka taratibu. Inajitafutia usawa yenyewe, kama maji kwenye beseni. Ila pima epoksi na hadena kwa mizani, kwa uwiano wa mtengenezaji, usikadirie kwa macho. Kuzidisha hadena hakuharakishi chochote, utabaki na uji unaonata. Koroga polepole kuepuka mapovu, fikia mpaka pembeni na chini ya kopo. Ukingoni epoksi hupanda kidogo, reli isikae hapo.

Ikishakauka, utajuaje iko sawa? Pima maji yako nani aliikagua? Igeuze kichwa kwa mkia palepale. Povu likihama, pima maji ndiyo inayodanganya. Hiyo ni akili ileile ya sahani tatu.

Mwaka 1841 Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha meno ya bolti, maana kila karakana ilikuwa na yake. Mwaka 1851 alionyesha London mashine ya kupima sehemu moja ya milioni ya inchi. Akatengeneza hadi bunduki, Malkia Victoria akaifyatua Wimbledon mwaka 1860, lakini jeshi la Uingereza likaikataa.

Hakuacha mtoto. Mwaka 1868 alitoa pauni 3,000 kwa mwaka kusomesha vijana 30 wa uhandisi, na mtihani wa kuwapata ulipima nadharia pamoja na kazi ya mikono. Alifia Monte Carlo, Januari 22, 1887. Ufadhili huo bado unatolewa.