Marehemu Morenz na Safari za Katikati ya Msimu

Kila dirisha la uhamisho la katikati ya msimu likifunguliwa, gumzo la hapa Kakamega, nje ya uwanja wa Bukhungu, huwa ni moja: nani anakwenda timu gani, na kwa kitita gani. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza watoto wake watamalizia muhula wapi. Nami nisikiapo gumzo hilo humkumbuka marehemu Howie Morenz wa Kanada, gwiji wa mpira wa magongo uchezwao juu ya barafu.

Sisi watu wa huku barafu twaijua ndani ya gilasi tu, lakini kisa hiki si kigeni. Mwanakandanda hahami ila atie sahihi yake. Kule kwenye barafu klabu hubadilishana wachezaji zenyewe kwa zenyewe. Asiyekuwa na kifungu cha kumkinga katika mkataba hupewa habari tu, akafunga virago siku hiyo hiyo, na mkewe akaachiwa nyumba, kodi na watoto walio shuleni.

Morenz alizaliwa mwaka 1902 huko Mitchell, jimbo la Ontario. Mwaka 1923 alijiunga na Montreal Canadiens, akatwaa nao Kombe la Stanley mara 3, na mara 3 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Mji wa Montreal, wenye wasemaji wengi wa Kifaransa, ulimpenda kama mwanawe wa kumzaa, ingawa asili ya ukoo wake ilikuwa Ujerumani.

Oktoba 1934 klabu ikampeleka Chicago. Alikuwa na miaka 32, mume wa mtu na baba wa watoto wadogo. Msimu ule alifunga mabao 8 tu. Kisha Januari 1936, ligi ikiwa katikati, akahamishwa tena, mara hii New York. Sikatai kwamba umri ulikuwa ukimtupa mkono. Lakini mtu asiyejua mwezi ujao atalala mji gani, hata miguu yake huwa mizito.

Mwaka huo huo Canadiens walimrudisha nyumbani, na mchezo wake ukaanza kurudi. Tarehe 28 Januari 1937, wakipambana na Chicago ile ile, alivunjika mguu. Mauti yalimkuta hospitalini tarehe 8 Machi, akiwa na miaka 34. Jeneza lake liliwekwa uwanjani Forum, na maelfu wakapita kumuaga. Novemba ilichezwa mechi ya kuichangia familia yake, na jezi yake nambari 7 haikuvaliwa tena na mchezaji mwingine.

Binti yake Marlene aliolewa na Bernie Geoffrion, nyota wa Canadiens aliyevaa nambari 5. Februari 2012, katikati ya msimu, mjukuu wao Blake alibadilishwa kutoka Nashville, naye akapelekwa Montreal. Alichagua jezi nambari 57.