Umar bin Abdul-Aziz: Khalifa Aliyerejesha Ardhi za Wanyonge

Miongoni mwa viongozi ambao umma huu haujawasahau ni Umar bin Abdul-Aziz (Mwenyezi Mungu amrehemu). Mama yake alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin Khattab, na baba yake alitoka katika Bani Umayya, ukoo uliokuwa ukitawala. Alishika ukhalifa mwaka 99 Hijria (717 Miladia), akafariki mwaka 101 (720) akiwa na umri wa miaka 40 hivi.

Aliposhika hatamu alikuta jambo zito. Ardhi na mali nyingi za raia zilikuwa mikononi mwa jamaa zake, nao walizishikilia kwa hati walizopewa na makhalifa waliotangulia.

Wanahistoria wanasimulia kuwa alianza na nafsi yake. Watu walikusanyika msikitini, mtumishi wake Muzahim akawa anasoma hati za mashamba ya Khalifa mwenyewe moja baada ya moja, naye akizikata kwa mkasi mpaka ikaadhiniwa adhuhuri.

Kisha akaja mzee wa Hims, dhimmi asiye Mwislamu, akamshitaki Abbas bin Walid kuwa amempora ardhi yake. Abbas alijitetea kwa hati aliyopewa na baba yake, Khalifa Walid. Umar akahukumu kuwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu kinatangulia mbele ya waraka wa Walid, na ardhi ikarudi kwa mwenyewe.

Lakini alijua pia kuwa mlango wa hakimu, hata ukiwa wazi, haumfai asiye na nauli ya kuufikia. Imepokewa kuwa alitangaza kumpa kila anayesafiri kuja kudai haki yake kati ya dinari 100 na 300, kwa kadiri ya umbali. Huko Iraq aliamuru waliodhulumiwa wasidaiwe ushahidi mgumu. Hazina ya huko ikamalizika kwa kuwarudishia watu mali zao, ikabidi fedha ziletwe kutoka Sham.

Ndugu Waislamu, mjane anayenyang'anywa kiwanja cha marehemu mumewe, au yatima anayefichiwa hati, mara nyingi haki anayo. Anachokosa ni nauli, ada ya mahakama na mtu wa kumwandikia madai. Basi mwenye elimu ya sheria na amwandikie, mwenye uwezo na amlipie, na aliyeshikilia ardhi isiyo yake na airejeshe leo, kabla ya Siku ambayo hati yake haitamfaa kitu.

Wallahu a'lam.