Faraday na Dhahabu Nyekundu

Wanachuo wenzangu, ule mstari mwekundu unaojitokeza kwenye kipimo cha malaria kule kwetu Micheweni mara nyingi huwa ni chembe za dhahabu. Aliyetufungulia njia hiyo ni Michael Faraday.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1791, mtoto wa mhunzi. Shule aliipata kidogo tu. Akiwa na miaka 14 akapelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, na vile alivyovijalidi akawa anavisoma. Mwaka 1813 akaajiriwa msaidizi wa maabara ya Royal Institution, London.

Mwaka 1857 alieleza kwamba chembe ndogo mno za dhahabu huyafanya maji kuwa mekundu. Ukitia chumvi, wekundu unageuka buluu.

Leo wataalamu wanaifuata rangi hiyohiyo. Peptidi, yaani vipande vidogo vya protini, vikinata kwenye chembe, rangi husogea kidogo. Mashine huisoma sekunde kwa sekunde, ndipo kasi ya kunata ikajulikana.

Faraday alifariki 1867. Hesabu zilimpiga chenga maisha yake yote. Basi sie walimu wa kesho, mtoto wa mkulima wa mwani akikwama kwenye hesabu, tusikimbilie kumwambia sayansi haimfai.