Gunpei Yokoi: Mhandisi wa Japani aliyeshinda vita vya bei kwa betri nne

Anayesikiliza redio ya betri katika vijiji vya Ajia, nje ya mji wa Arua, anajua kwamba gharama ya kifaa haiishii dukani. Betri zikikwisha, mfuko hufunguliwa tena. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua vita vya bei kati ya kampuni za michezo ya video ya mkononi kuanzia mwaka 1989, na aliyeipiga vizuri kuliko wapinzani wake ni Gunpei Yokoi, mhandisi wa kampuni ya Nintendo.

Yokoi alizaliwa Kyoto, Japani, tarehe 10 Septemba 1941. Alisomea elektroniki katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na Nintendo, ambayo wakati huo ilijulikana kwa karata. Kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya kiwandani. Katika kujipumbaza alijiundia mkono wa kuchezea unaorefuka na kushika vitu. Mkuu wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alipouona alimwagiza augeuze kuwa bidhaa, nao ukauzwa zaidi ya milioni moja.

Katika miaka ya 1970, Sharp na Casio zilishindana vikali kushusha bei ya vikokotoo, hata vioo vidogo vya kuonyeshea tarakimu vikawa rahisi mno. Yokoi, akiwa safarini kwa treni, alimwona abiria akijiburudisha kwa kubonyezabonyeza kikokotoo chake. Hapo likazaliwa wazo la Game & Watch, mchezo wa mfukoni uliotoka mwaka 1980 na kuuzwa zaidi ya milioni 43. Tangu hapo aliishikilia njia moja: kuchukua vipuri vilivyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, kisha kuvitafutia matumizi mapya.

Game Boy iliingia sokoni Japani tarehe 21 Aprili 1989 kwa yeni 12,500, na Marekani mwaka huohuo kwa takriban dola 90. Kioo chake kilikuwa hafifu, hakina rangi wala taa. Atari ilileta Lynx, yenye rangi, kwa takriban dola 180. Sega ikafuata na Game Gear, iliyouzwa Marekani takriban dola 150. Kwa kutazama tu, Nintendo ilikuwa imekwisha kushindwa. Lakini mashine hizo za rangi zilimaliza betri sita kwa saa chache, ilhali Game Boy ilidumu zaidi ya saa kumi kwa betri nne. Pamoja na toleo lake la rangi lililofuata, iliuzwa karibu milioni 119.

Njia hiyo haikumfaa kila mara. Katika Virtual Boy ya mwaka 1995 alitumia taa nyekundu kwa kuwa zilikuwa nafuu na hazikula umeme mwingi. Wanunuzi wakaikataa, na haikufikia hata milioni moja.

Mwaka 1996 aliondoka Nintendo, akaanzisha kampuni ya Koto, na kuanza kubuni mashine ya kushindana na Game Boy yake mwenyewe. Tarehe 4 Oktoba 1997 alifariki katika ajali ya barabarani mkoani Ishikawa, akiwa na umri wa miaka 56. Mashine hiyo, WonderSwan, ilitolewa na kampuni ya Bandai mwezi Machi 1999. Bei yake ilikuwa yeni 4,800, nayo ilitumia betri moja.